KUFYEKA SIYO KUNYOA KIPARA



Upo mtindo umeota mizizi hapa Nyamongo, nasi hatutaunyamazia. Mvua zikinyesha, nyasi zikapanda, amri inatoka: fyekeni uwanja wa ofisi, wa ghala, wa shule! Sawa, kufyeka ni kazi halali. Lakini baadhi ya ndugu wakishika kwanja hawaridhiki mpaka udongo uonekane. Wengine wanapuliza dawa ya kuua magugu. Kishona nguo, kongwa, mgagani, yote chini! Halafu wanajisifu: "Sasa pamekuwa safi!"

Tunauliza: safi kwa faida ya nani?

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Je, nyuki naye afuate nini kwenye kipara? Tena siyo asali tu. Mboga wa maboga una maua dume na maua jike, kila moja peke yake. Asipokuwepo mdudu wa kubeba unga wa ua dume kupeleka kwenye ua jike, boga hakuna. Tikiti na tango vilevile. Nayo mazao yetu huchanua wiki chache tu. Siku zilizobaki nyuki anaishi kwa maua ya porini. Tangu uchimbaji mkubwa wa dhahabu uanze hapa mwaka 2002, ardhi ya wazi imebanwa. Ndiyo maana hata kipande cha uwanja kina thamani.

Watasema: nyoka! Haya, nyoka tunamwogopa sote. Basi tufyeke fupi mlangoni, njia ya chooni na wanapopita watoto. Watasema: mbu! Mbu huzaliwa kwenye maji yaliyotuama. Anayetaka kupigana na mbu aanze na madimbwi na makopo.

Wengine wanasema eti uwanja uliokwanguliwa ndiyo maendeleo. Hebu tazameni Uingereza. Tangu miaka ya 1930 wamepoteza karibu asilimia 97 ya makonde yao ya nyasi zenye maua, na leo wanahangaika kuyarudisha. Wapo wanaoacha kufyeka mwezi Mei mzima ili maua yachanue. Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2017, uliitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani. Wenzetu wanarudi walikotoka, sisi tunakimbilia shimo walilotumbukia!

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Kwanja lipite juu. Nyasi zibaki urefu wa shubiri moja, udongo usiachwe uchi ukazolewa na mvua mpaka Mto Mara.
2. Tufyeke kwa zamu: nusu ya uwanja sasa, nusu baada ya maua kukauka na kudondosha mbegu.
3. Kona na kando ya ua zifyekwe mara moja kwa mwaka, masika yakiisha. Majani wapewe ng'ombe.
4. Dawa ya magugu isipulizwe viwanjani. Gugu baya ling'olewe kwa jembe.

Anayefyeka ua kabla halijatoa mbegu anafyeka la mwakani pia. Nyuki ni mwanaushirika asiyedai posho. Tusimfukuze!

Ushirika ni nguvu.

Sisi wanaushirika wenzenu