Straika akipaisha, usikimbilie viatu

Mashabiki wa Malangali na Sumbawanga nzima hawajasahau Oktoba 2020, Tanzania Prisons ilipoilaza Simba 1-0 pale Nelson Mandela. Wenye timu ile ni Jeshi la Magereza, watu wa kwata na bunduki. Kwao shabaha ni kazi. Olimpiki ni mchezo, na bunduki ndogo ya.22 inapigwa huko kwa mita 50. Medali za Tanzania Olimpiki, fedha mbili za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui mwaka 1980, hazikuletwa na soka.

Wapo watakaosema vifaa ni ghali. Darubini kweli ni bei mbaya, ila kanuni za mita 50 haziiruhusu. Mchezaji anachungulia kwenye kitundu tu, na duara la pointi 10 lina milimita 10.4, chini ya nusu ya kifuniko cha soda!

Straika akipaisha habadilishiwi viatu kwanza. Bunduki kuukuu nayo ikipiga pembeni, kabla ya kulaumu umri wake, kaguliwe kilengeo na skrubu zikazwe. Kisha zipigwe risasi tano, bunduki ikiwa imeegemezwa, na kutazamwa zilikokusanyika. Risasi moja haisemi kitu. Zikienda kushoto, kilengeo cha nyuma kinasogezwa kulia. Cha mbele kinafuata kosa, kushoto. Hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Anayetaka darubini kwa mazoezi yake asichukue ya bunduki kubwa ya porini. Hiyo mara nyingi imepangwa kwa mita 100 hivi. Kwa mita 50 jicho likisogea kidogo tu, alama inahama juu ya shabaha. Ya kukuza mara 4, iliyopangwa kwa mita 50, inatosha. Tena bunduki nyingi za zamani hazina mifereji ya kuifungia, na kutoboa chuma chake ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, sio welda wa mtaani.

Sheria ya silaha ya 2015 hairuhusu mtu kumiliki bunduki bila leseni, na ni sawa kabisa. Ndiyo maana kijana wa Malangali hawezi kuanza peke yake. Magereza wanao walimu wa shabaha. Wawape vijana Jumamosi moja kwa mwezi, chini ya usimamizi wao, na za .22 kuukuu zitatosha kuanzia.