Riwaya Zisikike kwa Kiswahili

Simu ya mkononi imeleta desturi mpya ya kusikiliza riwaya nzima ikisomwa kwa sauti. Wapo wanaoiita desturi hiyo uvivu wa kusoma. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mtoto wa chuoni huhifadhi sura fupi za Kurani kwa kumfuatisha mwalimu kabla hajaweza kuzisoma, na tenzi zetu ziliimbwa mbele ya watu wasiojua hata herufi moja. Mkulima wa Mwamkulu anayepalilia mpunga, mikono yake ina kazi. Masikio yake hayana.

Lakini asikilize nini, na kwa lugha gani? Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alisimulia katika riwaya yake Paradise (1994) msafara wa biashara uliotoka pwani hadi ng'ambo ya ziwa kuu la bara. Ziwa Tanganyika ndilo mpaka wa magharibi wa Mkoa wetu wa Katavi. Msikilizaji aliyeko London huletewa kisa hicho masikioni kwa Kiingereza. Je, jirani wa ziwa lenyewe?

Tusidanganyane kwamba Kiingereza cha shuleni kitamtosha. Lugha hiyo ina vituko vyake. Mvua ikizidi husemwa inanyesha paka na mbwa; anayetaniwa husemwa anavutwa mguu; kisu na goti huanza kwa herufi K isiyotamkwa. Vituko hivyo vinachekesha, nasi hatumkatazi mtu kuvifurahia. Wazee wetu walioamriwa kwa Kiingereza washike kushoto barabarani waliigeuza amri hiyo ikawa kipilefti, kisha wakaipa wingi, vipilefti, na mzunguko wa barabara ukapata jina!

Kiswahili hutamkwa kama kilivyoandikwa. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti njema aweza kusoma sura nzima bila kukwama. Na kitabu kipo: Peponi, tafsiri ya Dkt. Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Redio za mkoa huu na ziombe ruhusa ya mchapishaji, zitenge nusu saa kila jioni baada ya taarifa ya habari, na sura zilizokwisha kusomwa wananchi waweze kuzichukua katika memori kadi zao. Gharama kubwa ni mbili, ujira wa msomaji na haki ya mwandishi, na zote zilipwe.