Wanauza picha za bichi, bili tunalipa sisi

Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za kupiga picha nzuri na saa nzuri za kuposti. Kila ikikaribia Desemba zinaibuka zile kurasa: bwawa la kuogelea, bahari ya bluu, taulo zimekunjwa umbo la bata juu ya kitanda, na maandishi makubwa "OFA YA SIKUKUU, vimebaki vyumba viwili tu, lipia nusu uwahi nafasi". Ikifika Januari, walewale waliolipia nusu wanalia kwenye komenti. Na chini ya kila anayelia hakosekani mmoja wa kuandika "wajinga ndio waliwao" na kuweka vikatuni vya kucheka.

Mimi hiyo kauli imenichosha, hasa ikitoka kwa mtu anayeuza mtandaoni. Anamcheka mteja wake mwenyewe wa kesho.

Nataka tuangalie kesi moja kubwa ya Marekani na Bahamas, kwa sababu ilifika mahakamani na mambo yakaanikwa hadharani. Za kwetu nyingi zinaishia kwenye namba ya RB na simu isiyopokelewa, kwa hiyo hatuoni pesa zilipita wapi.

Ni Fyre Festival. Wengine mmeiona kwenye filamu. Desemba 2016 kijana wa Marekani anayeitwa Billy McFarland, akishirikiana na mwanamuziki Ja Rule, alianza kutangaza tamasha la kifahari kwenye visiwa vya Bahamas. Wanamitindo maarufu wakaposti Instagram mraba wa rangi ya chungwa, wote kwa pamoja. Video ilionyesha maji safi, boti, wasichana wanakimbia mchangani. Tangazo likasema kisiwa ni cha faragha na kiliwahi kuwa cha Pablo Escobar. Mgeni angelala kwenye jumba au hema la kisasa, apikiwe na wapishi wenye majina. Tiketi zilianzia kama dola 500, na vifurushi vya juu vya malazi vikapita dola 12,000.

Wageni walianza kutua tarehe 27 Aprili 2017. Kisiwa cha faragha hakikuwepo. Walikuta eneo la ujenzi lenye kokoto kwenye kisiwa cha Great Exuma, jirani na hoteli kubwa ya watu wengine. Mahema yalikuwa ya aina ile wanayopewa waathirika wa vimbunga, na magodoro yalikuwa yamelowa mvua. Usiku mabegi yalishushwa kutoka kwenye kontena, kila mtu ajitafutie lake gizani. Picha iliyozunguka dunia nzima ni ya boksi la chakula: vipande viwili vya mkate, jibini, na majani kidogo ya saladi. Wala huwezi kusema basi nikatafute chumba kwingine, maana wikiendi hiyohiyo kisiwani kulikuwa na mashindano yao ya mashua ya kila mwaka, na malazi yalikuwa yamejaa. Ni kama mtu aje akuahidi vyumba Lamu wiki ya Maulidi bila kumuuliza mwenyeji hata mmoja.

Sawa, tumecheka. Sasa tuangalie pesa zilivyotembea, maana hapo ndipo sisi tunahusika.

Ukifuatilia ile kesi unaona kwamba McFarland alikuwa anajenga kweli, anaajiri watu kweli, anaagiza vifaa kweli. Ila aliuza kwanza, halafu ndiyo akaanza kutafuta cha kumpa mteja. Pesa ya aliyelipa leo inaziba ahadi ya aliyelipa jana. Zilipopungua akageukia wawekezaji na nyaraka za uongo. Karatasi moja ilionyesha ana hisa za zaidi ya dola milioni 2.5, wakati hisa zenyewe hazikufika hata dola 1,500. (Ni uleule mchezo wa kuchezea meseji ya M-Pesa, ila huyu alivaa suti.) Siku za mwisho wageni wakaambiwa kule hakutumiki fedha taslimu, kila mtu ajaze pesa kwenye bangili yake, dola 300 hadi 500 kwa kila siku atakayokaa. Sehemu ya pesa hizo ikaenda kulipa mkopo wa haraka aliouchukua. Mgeni anadhani anajaza hela ya soda, kumbe analipa deni la mtu.

Huo mchezo sisi tunaujua kwa jina la kistaarabu: kuzungusha. Umepokea advansi za oda ya China, watu ishirini, kila mmoja nusu. Hujamlipa muuzaji bado. Kodi ya fremu imefika, ada ya mtoto imefika. Unachomoa kidogo, ukijiambia utarudishia mzigo mwingine ukitoka. Mteja anauliza, unamjibu "mzigo upo njiani dada yangu". Haupo njiani, hata kulipiwa haujalipiwa. Sisemi wewe na McFarland ni mtu mmoja. Nasema barabara ni hiyohiyo, yeye alikwenda nayo mbali kwa sababu alikuwa na watu wa kumpa mamilioni.

Kwa maoni yangu, mfanyabiashara aliyekwama na tapeli huwezi kuwatofautisha kwa nia. Nia njema kila mtu anayo, muulize yeyote aliyekula hela za watu. Watofautishe kwa siku ile walipojua kwamba hili haliwezekani tena. Siku hiyo alimwambia nani? Kule Exuma kuna waliokuwa ndani ya kazi walioshauri mapema jambo liahirishwe, na tiketi zikaendelea kuuzwa. Wateja wakawa wanauliza Instagram: ndege ni saa ngapi, nitalala wapi hasa? Maswali yakawa yanafutwa. Ukurasa ukabaki msafi, unang'aa, mpaka watu wako uwanja wa ndege Miami na mabegi yao.

Kwa hiyo nikiulizwa alama ya ukurasa wa kitapeli, sisemi picha nzuri kupita kiasi. Nasema komenti zilizofungwa. Picha nzuri hata hoteli ya kweli inazo, lakini hoteli ya kweli ina mgeni aliyelalamika shauri ya mbu, na mtu wa hoteli akamjibu. Hapo naomba mniwie radhi nyie wa "bei njoo inboksi". Mnajua kwa nini mnafanya hivyo, na mimi naelewa, ila mteja aliyekwisha kupigwa anaona jambo moja tu: huyu naye hataki kuulizwa mbele za watu.

Wale wa "walikuwa watoto wa matajiri, acha wapigwe", wamesahau nani alibaki pale kisiwani. Vibarua wa Exuma walijenga mchana na usiku wakaondoka bila malipo. Mama mmoja mwenye mgahawa alikuwa akipika kwa ajili ya hao wafanyakazi, na alisema alitoa kama dola 50,000 za akiba yake kuwalipa watu wake. Filamu zilipotoka mwaka 2019 watu wakamchangia mtandaoni, akapata zaidi ya hizo. Bila kamera angelia peke yake. Huyo ndiye mwenzetu katika hadithi nzima: mfanyabiashara mdogo aliyetoa huduma kwa mali kauli kwa sababu mteja alionekana mkubwa.

Na wanaotangaza vitu vya watu, hili ni lenu. Kendall Jenner, kwa mujibu wa madai ya msimamizi wa ufilisi wa kampuni ile, alilipwa angalau dola 275,000 kwa posti yake. Mwaka 2020 akakubali kurudisha dola 90,000 kumaliza kesi. Posti moja! Kwetu sisi mtu anapewa elfu ishirini aweke tangazo la chumba Nungwi kwenye statasi yake, hajawahi kufika, hajui mwenye chumba ni nani, na anaandika "hawa nawaamini asilimia mia".

McFarland alikiri makosa, na Oktoba 2018 akahukumiwa miaka 6 jela na kuamriwa kurejesha dola milioni 26. Lakini kabla ya hukumu, akiwa nje kwa dhamana, alikutwa anauza tiketi nyingine za uongo, zikiwemo za kuingia Met Gala. Baadhi ya wateja aliwatafuta kwenye orodha yake ya zamani. Yaani aliyekwisha kupigwa mara moja ndiye aliyepigiwa simu tena. Jamani, namba za wateja ni amana. Ukimuuzia mtu orodha yako ya WhatsApp hujui anakwenda kufanya nayo nini.

Kwetu pwani mambo ni madogo zaidi na ya haraka zaidi. Picha zinachukuliwa kwenye ukurasa wa hoteli halisi au kwenye Airbnb, linafunguliwa jina jipya, bei inawekwa nusu ya inayojulikana. Ukiuliza unatumiwa namba ya mtu binafsi, siyo ya biashara. Ukilipa nusu anapiga "meneja" kutaka tena pesa ya dhamana ya vitu vya chumbani, eti itarudishwa ukiondoka. Baada ya hapo umeblokiwa. Familia inashuka Diani au Paje na watoto wamechoka, inafika kwenye geti lenye jina lilelile la picha, na dada wa mapokezi ndiye anayebeba mzigo wa kuwaambia jina lao halipo.

Mimi nauza mashuka na mapazia, sina hoteli. Lakini nina mteja wa Dodoma aliyepoteza laki nne kwa mtindo huo. Alipokuja kwangu kuagiza shuka za elfu 45 alinihoji kama polisi. Alitaka video ya shuka zenyewe, pembeni kuna karatasi imeandikwa tarehe ya siku ile na jina lake. Alitaka kulipa mzigo ukiwa mkononi mwa wakala wa basi. Yule tapeli alikwisha kula zake akaenda. Mimi ndiye niliyekaa dakika arobaini nashika karatasi mbele ya simu kwa faida ya elfu nane. Nilimtumia. Alikuwa na haki yake. Na siku hizi ile karatasi naiweka kwa kila oda inayozidi elfu thelathini bila kuombwa, na maswali ya "nitakuaminije" yamepungua sana.

Advansi nayo nimeitengea laini yake. Pesa ya mteja inakaa kule mpaka mzigo utoke, na kodi ya fremu haina ruhusa ya kuingia kwenye laini ile. Ikitokea mzigo wa kiwandani umekwama, ujumbe unatoka siku hiyohiyo: umekwama, subiri au nikurudishie? Wengi wanasubiri. Wanaotaka pesa yao naituma nikiwa nimenuna, lakini inakwenda.

Kwa wanaochanganya biashara na udalali wa malazi, maana najua mpo wengi humu na msimu ndio wenu: andika wazi kwamba wewe ni dalali. Usiposti chumba ambacho hujaingia, au ambacho mwenyewe hajakupa ruhusa. Mpe mteja namba ya mapokezi apige mwenyewe kabla hajalipa, na alipe kwenye lipa namba yenye jina la hoteli, wewe kamisheni yako umalizane na hoteli. Mtasema mteja atakuruka. Wapo watakaokuruka, kweli. Zanzibar malazi ya wageni yanapewa leseni na Kamisheni ya Utalii, na Kenya ipo TRA yao (siyo hii yetu ya kodi), kwa hiyo ukimwomba mwenye nyumba picha ya leseni hujamtukana. Akikasirika, muache na nyumba yake.

Kama mnadhani watu wakishajua watakoma, sikilizeni hii. McFarland alitoka jela 2022. Mwaka 2025 akatangaza Fyre ya pili huko Mexico, tiketi zikauzwa, na mwezi Aprili ikaahirishwa bila tarehe mpya. Julai mwaka huohuo akaliweka jina la Fyre sokoni kwenye eBay. Halikuwa na kisiwa wala hema, ila lilinunuliwa kwa dola 245,300.

Nauliza hivi, wadau mnaouza vyumba na safari za sikukuu: mteja wa mkoani asiyekujua akitaka uhakika kabla ya kutuma nusu, wewe unamwonyesha nini? Andikeni hapo chini, na bei wekeni hapohapo. Komenti ziko wazi.