Bibi, bodaboda na dude la chuma

Mabega yananiuma kama niliyebeba gunia kutoka Manyoni kwa miguu. Chanzo ni mashine. Subiri, nitafika huko.

Jumamosi iliyopita nilitia timu stendi nikitaka kwenda Mwankoko kwa Bibi. Dogo mmoja wa bodaboda akanitajia bei, nikashika kiuno. "Mbona unaniua, mwana? Mwankoko si Manispaa hii hii?" Akacheka. "Kaka, hiyo Manispaa ya kwenye makaratasi. Kule ni shamba, nikirudi narudi mtupu." Tukavutana weee, mwishowe nikapanda tu, maana jua la Singida halina undugu, na upepo wake ukikukuta barabarani na vumbi unageuka sanamu.

Njiani nikawa nawaza. Hivi Mwankoko ni mjini au kijijini? Kwa ramani ni kata ya Manispaa ya Singida, kwa hiyo watu wake ni wa mjini kabisa. Lakini shuka pale uangalie: alizeti, mtama, majabali, na kuku wanaovuka njia bila wasiwasi wowote. Akija mtu wa ushuru, pale ni mjini. Ukitaka nauli ya mjini, unaambiwa ni kijijini. Halafu watu wa mjini wenyewe wanaoga na kupikia maji ya Mwankoko, maana sehemu ya visima vinavyolisha mabomba ya mji iko huko. Sasa nani anamtegemea nani? Wenzetu wa Singida Vijijini nao walikuwa na kioja chao cha kinyume: ofisi ya halmashauri yao ilikaa mjini miaka nenda rudi, kabla ya kuhamia Ilongero. Yaani mwanakijiji alikuwa anapanda gari kutoka ndani ya wilaya yake kwenda nje kuitafuta wilaya yake! (Msininunie wakubwa, nasema ninachokiona.)

Basi. Ningependa kukwambia nilikwenda kwa sababu nilimkumbuka Bibi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na dili. Tangu nimalize form four nimebangaiza sana, sasa nataka kujifunza udereva nipate leseni, na ada sina. Nikakumbuka kwamba stoo kwa Bibi kuna dude la chuma limelala. Nikaongea na jamaa mmoja wa chuma chakavu, tukakubaliana aje na guta saa nane mchana. Bibi sikumwambia. Nilijiona mjanja, nikasema nitamlainisha hapo hapo.

Dude lenyewe ni mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Vijana wa juzi huenda hamjaiona. Ilibuniwa na Mmarekani anayeitwa Carl Bielenberg, tena hapa hapa Tanzania, mwaka 1985. Ina mkono mrefu wa chuma. Ukiupeleka huku, mbegu zinadondoka ndani kutoka kwenye bakuli la juu. Ukiurudisha, pistoni inazibana kwenye silinda, mafuta yanachuruzika kwenye nafasi nyembamba za pembeni na mashudu yanatokea mbele. Ni ile wenzo tuliyoimbishwa shule ya msingi na kuisahau siku ya mtihani. Haitaki umeme wala dizeli. Inataka mbegu zenye ganda laini, zilizoanikwa juani zikapata moto, na inataka mabega.

Ya Bibi aliinunua miaka ya 90 mwanzoni, yeye na akina mama wenzake wanne, kwa kuchangishana. Walikamua wakauza mpaka mjini. Baadaye zikaja mashine za injini zinazomaliza gunia wakati wewe unapiga stori na fundi, dude likaingia stoo.

Jamaa akafika na mizani yake. Bibi akatoka, akamwangalia, akaniangalia, akaenda kukaa juu ya mashine. Hakupiga kelele.

"Mume wangu," akaniita, kama anavyoniita siku zote, "unauza cha nani?"

Akanihesabia vidole. Wenzake watatu wameshafariki. Mmoja yuko hai, ng'ambo ya bonde, macho yamepungua. "Nenda kamuulize. Akikubali, chukua."

Nikachukua baiskeli ya mjomba, ile ambayo cheni inaruka kila ukifika kwenye mchanga, nikaenda huku natunga maneno. Yule bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia ile mashine ndiyo iliyompa sare za shule za watoto wake wawili. Nikajua dili limekufa. Kumbe hapana. "Kauze, mjukuu wangu, chuma hakiliwi. Lakini nikamulie debe langu kwanza, maana wiki ya pili hii mboga nachemsha tu." Akavuta debe la alizeti kutoka uvunguni. Nifanyeje? Nikalifunga kwenye keria.

Ebwana ee! Nimecheza mpira, nimebeba zege, sijawahi kukutana na kitu kama kile. Zaidi ya saa nzima navuta. Jamaa wa guta alianza kwa kunicheka, akanipokea kidogo, akachoka, akaaga kwamba atarudi. Bibi alikaa pembeni na mpini wa jembe akinielekeza. Nilipata chupa moja na nusu, zile za maji za lita moja. Nikampelekea mwenyewe jioni. Akachovya kidole, akalamba, akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya.

Kurudi kwa Bibi nikakuta madebe mawili mlangoni. Ya majirani. Wamesikia mashine inalia.

"Watalipa kwa debe," Bibi akasema. "Jumamosi utakuja saa ngapi?"

Jamaa wa chuma chakavu amenipigia mara mbili wiki hii, sijapokea. Ada ya udereva bado sina, na dogo wa bodaboda nimeshamwambia aniandalie bei ya mteja wa kudumu, amekataa. Mwenye dawa ya mabega anitafute. Mimi hapa naandika kwa mkono mmoja.