Jeraha la ubongo lisilo na jina humnyima mwanafunzi haki

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa isimu kuhusu afasia, yaani hali ya mtu kupoteza uwezo wa lugha baada ya ubongo kujeruhiwa. Kwangu ilikuwa mada ya mtihani tu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimeabiri bodaboda mjini Garissa, bila kofia ya kujikinga, tukaanguka karibu na soko la mifugo. Nilizirai kwa muda mfupi. Picha ya kichwa haikuonyesha mfupa uliovunjika wala damu iliyovuja. Nikaambiwa niko salama, na baada ya siku nne nikarejea darasani.

Sikuwa salama. Jua la Garissa lilinichoma macho hata nilipokuwa kivulini. Nilisoma ukurasa mmoja mara tatu nisiambulie kitu. Siku moja, mbele ya darasa, nilitaka kutamka neno "kiambishi", ambalo nimelitaja maelfu ya mara, nikalikosa. Wanafunzi walicheka, nami nikawakaripia kwa ukali usio wa kawaida yangu. Baadhi ya wenzangu walinong'ona kwamba nimeanza kiburi. Wengine wakasema nimechoka na kazi. Hali hiyo ilidumu zaidi ya mwaka, na hadi leo kichwa huniuma nikisahihisha insha kwa muda mrefu.

Maradhi haya huitwa mtikiso wa ubongo. Wengi huyapata na kupona katika wiki chache. Hata hivyo, wapo wanaobaki kwa miezi, hata miaka, na maumivu ya kichwa, usahaulifu, hasira za ghafla na usingizi wa mang'amung'amu. Picha ya kawaida ya kichwa mara nyingi haionyeshi kasoro yoyote, kwani nyuzi za neva zilizoumia ni ndogo mno. Mgonjwa basi hana kovu wala cheti cha kumtetea.

La kusikitisha ni kuwa jeraha lisiloonekana huishia kupewa majina ya matusi. Mwalimu atasema mtoto ni mvivu au punguani. Jirani atasema ana majini, au kwa Kisomali atamwita "waalan", yaani mwendawazimu. Si kwamba jamii ya kaskazini mashariki haina ubunifu wa lugha. Katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, wakimbizi waliipa jina la "buufis" ile kiu kali ya kuhamia ng'ambo, ambayo huweza kumwondolea mtu utulivu wa nafsi. Walipolipata neno, waliweza kuizungumzia hali hiyo na kuuguzana. Mtikiso wa ubongo bado haujapata bahati hiyo.

Eneo hili lina sababu nyingi za kulijali jambo hili. Bodaboda zimejaa kutoka Garissa hadi Mandera. Isitoshe, kuna majeraha ya mashambulizi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Tuliomboleza wafu, tukawahurumia waliopigwa risasi na waliopatwa na hofu. Hata hivyo, mshindo wa kilipuzi waweza kuutikisa ubongo wa mtu asiye na hata mkwaruzo mwilini, na hilo sikulisikia likizungumzwa barazani. Tena, mgonjwa anayehitaji daktari bingwa wa ubongo mara nyingi hulazimika kusafiri hadi Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 370.

Kuna suala jingine linalotuhusu sisi wanalugha. Mtoto wa Garissa huzungumza Kisomali nyumbani, Kiswahili mtaani na Kiingereza katika mtihani. Mwaka 1895 daktari Mfaransa Pitres alidai kuwa mgonjwa wa afasia ajuaye lugha nyingi huanza kuirejesha ile aliyoizoea zaidi kabla ya kuumia. Kabla yake Ribot alikuwa ameshikilia kuwa lugha ya kwanza ndiyo hudumu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa wengi huzirejesha lugha zao kwa pamoja, ila wapo ambao lugha moja hurudi na nyingine ikachelewa. Kwa hiyo, kumpima mtoto kwa Kiingereza pekee ni kumdhulumu. Atahesabiwa kuwa hakusoma, kumbe alisoma na jeraha likamnyang'anya.

Katiba ya mwaka 2010 haikulisahau jambo hili. Kifungu cha 260 kinaueleza ulemavu kwa upana, kikijumuisha kasoro za akili zenye athari kubwa au za muda mrefu katika shughuli za kila siku. Kifungu cha 54 kinaagiza kuwa mtu mwenye ulemavu aitwe na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ikiwa ndivyo, neno "punguani" kinywani mwa mwalimu si utovu wa adabu tu. Linakiuka sheria kuu ya nchi.

Walimu wenzangu, hatuhitaji kungoja daktari bingwa aletwe Wajir ndipo tuanze. Mwanafunzi aliyekuwa hodari akianza kusahau, kusinzia na kugombana, tusikimbilie kumwadhibu. Tumuulize yeye na wazazi wake maswali mawili: mabadiliko haya yalianza lini, na je, aliwahi kuanguka au kugongwa kichwa? Tumwelekeze hospitalini. Tumruhusu apumzike, kisha arudie masomo kidogo kidogo. Tumwombee muda wa ziada katika mtihani, na tumsikilize katika lugha anayoimudu. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akikosa neno, msimcheke. Huenda analitafuta kwa taabu msiyoijua, kama nilivyolitafuta mimi.