Fosforasi ya Chungu na Fosforasi ya Kiwanda

Na Ambakisye Mwasomola

Mkulima wa Mbozi au wa Kilolo hahitaji kufundishwa kwamba ardhi yake ina njaa ya fosforasi, kwa kuwa kila mwaka mvua zikikaribia huinunua kwa mifuko ya DAP, na amekwisha kuona kwa macho yake jinsi mahindi machanga yaliyonyimwa madini hayo yanavyogeuka majani yakawa ya zambarau. Lakini mkulima huyo huyo, aliyezoea kuiogopa fosforasi kwa uchache wake shambani, siku hizi nasikia ameanza kuiogopa kwa wingi wake jikoni. Maana jamaa mmoja mwenye maradhi ya figo akirudi kutoka hospitali na karatasi inayomkataza maharage, karanga, dagaa na maziwa, watu wazima wa nyumba nzima, ambao figo zao ni salama, huona ni busara nao kujinyima. Hofu hiyo naona imepotea njia.

Mwili wa mtu mzima una fosforasi ipatayo gramu 700, na katika kila mia ya hiyo, 85 imo katika mifupa na meno. Iliyobaki imetawanyika katika kila chembe hai, ambako ndiyo inayotunza na kutoa nguvu ya kila tendo, tangu kupiga jembe hadi kufumba jicho. Wataalamu wa Marekani wamekadiria kuwa miligramu 700 zamtosha mtu mzima kwa siku, wa Ulaya wakasema 550. Gramu mia za unga wa dona zina miligramu zipatazo 240. Gramu mia za maharage yaliyokwisha pikwa, kama 140. Kikombe cha maziwa, zaidi ya 200. Basi alaye ugali wa dona kwa maharage, na mara kwa mara akapata usipa wa Ziwa Nyasa, ambaye huliwa pamoja na mifupa yake, ni nadra kupungukiwa, wala hakaribii kudhurika.

Tena si yote iliyomo katika punje inayoingia damuni. Fosforasi ya nafaka na ya kunde, kwa sehemu kubwa, imefungwa katika kitu kiitwacho fitati, na utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kutosha kukifungua. Kwa hiyo yawezekana tukafyonza chini ya nusu, ilhali fitati hiyo hiyo inashika na kupita na madini ya chuma na ya zinki tuliyoyahitaji. Hapo ndipo ninapostaajabia ustadi wa bibi zetu, ambao bila ya maabara walilowesha ulezi, wakauacha uchipue, wakauanika na kuusaga uwe kimea, kisha wakautia katika uji upate kuwa togwa. Kwani mbegu ichipuapo hutengeneza yenyewe kimeng'enya cha kufungua fitati ili ilishe mche wake, na uchachu huiendeleza kazi hiyo.

Fosforasi ya kiwanda ni jambo jingine. Hiyo ni chumvi iitwayo fosfati, iliyotiwa makusudi katika soseji, katika nyama za kopo, katika jibini la kusindikwa na katika hamira ya unga, ili nyama ishike maji, chakula kikae na keki iumuke. Na kwa kuwa haikufungwa na fitati, mwili huifyonza karibu yote. Kwa insafu niseme kwamba chupa ya kola ina miligramu zipatazo 40 tu, kiasi kidogo kuliko kile cha maharage. Lakini anayekula soseji asubuhi stendi, mchana akashushia kola na jioni akafungua kopo, hajui amekusanya kiasi gani, wala hana pa kukisoma.

Kwa mwenye figo nzima ziada hutoka kwa mkojo. Figo zikidhoofika, aghalabu kwa shinikizo la damu au kisukari, fosforasi hubaki damuni, mifupa ikapoteza chokaa yake, na chokaa hiyo ikaganda katika kuta za mishipa, hatima yake ikawa madhara ya moyo. Mwaka 2011 tabibu Sharon Moe na wenzake wa Indiana, Marekani, waliwalisha wagonjwa 9 wa figo kwa juma moja vyakula vya mimea na kwa juma jingine nyama na maziwa, fosforasi ikiwa sawasawa kwa kipimo, nao wakakuta kwamba juma la mimea lilishusha fosforasi ya damuni. Wagonjwa 9 ni wachache, nakiri. Lakini mwongozo wa kimataifa wa maradhi ya figo uliotolewa mwaka 2017 nao ulishauri kutazama chakula kimetoka wapi, si kiasi peke yake.

Mgonjwa asiitupe karatasi yake kwa maneno ya gazeti, maana maharage yana potasiamu pia, na hilo ni la kuzungumza na tabibu wake. Ninachodai ni kwamba soseji na nyama za kopo ziandikwe juu ya karatasi hiyo, maharage yafuate chini. Na kwamba Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, liwalazimishe wenye viwanda kuandika kiasi cha fosfati waliyoitia. Kwa sasa msomaji wa lebo atafute namba za fosfati hizo, yaani 338 hadi 343, na 450 hadi 452.