Uchovu wa Mwendesha Baiskeli na Swali la Maji

Usoke, baiskeli ni miguu ya mkulima. Hubeba gunia la mpunga, madumu ya maji na, inapobidi, mgonjwa anayepelekwa zahanati. Mtu aliyeizoea kazi hiyo anapoanza kuishiwa nguvu njiani, majirani husema ni umri. Akifika zahanati, hupimwa malaria. Vimelea visipoonekana, huondoka na vidonge vya maumivu. Uchovu wake hubaki bila jina.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na Mkenya David Kinjah, alikuwa tayari mwendesha baiskeli wa kulipwa barani Ulaya, lakini nguvu zake hazikutabirika: leo yu mbele, kesho yu hoi. Mwaka 2010 vipimo vilionyesha kwamba ana kichocho. Alitumia prazikwanteli zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 alishinda mbio za Tour de France, kisha tena mwaka 2015, 2016 na 2017. Si haki kudai kwamba dawa ndiyo iliyomshindia. Ila ikiwa kichocho kiliweza kujificha katika mwili unaopimwa mara kwa mara namna ile, kitashindwaje kujificha katika mwili wa mkulima asiyepimwa?

Mayai ya kichocho hufika majini kwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Yakianguliwa, vimelea hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayepanda mpunga, kuvua, kufua au kuoga. Si kila mgonjwa hukojoa damu. Wengine huchoka tu, hupungukiwa damu au huumwa tumbo. Mwanamke anaweza kupata vidonda na kutokwa damu ukeni, akadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa. Dhana hiyo inatosha kuvunja ndoa isiyo na kosa.

Kampeni za dawa zimewalenga zaidi wanafunzi, na ni jambo jema. Lakini mzazi huingia katika maji yaleyale. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, mahali ambapo maambukizi yamefikia asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwamo. Ushauri huo unastahili kufika hadi kwenye majaruba.

Wakati ukisubiriwa, swali moja halina gharama: "Huwa unaingia maji gani?" Mhudumu aliulize kwa kila mtu mzima mwenye uchovu usioeleweka, kisha mkojo na choo vipimwe. Mgonjwa naye alitaje bonde lake hata asipoulizwa. Akishatibiwa, akumbuke kwamba dawa huua minyoo iliyokomaa lakini haizuii maambukizi mapya; choo na maji salama ndivyo vinavyokamilisha tiba.

Mkulima wa Usoke hashindanii medali. Anashindana na msimu wa mvua, nao haumngojei aliyechoka.